Kuku wa Mgeni Aliyekuja Kuona Njaa

Makokha alikuja kwangu Jumanne moja mwezi uliopita, anatembelea fimbo. Nilimwona akiingia langoni, mzee mrefu aliyekauka kama muwa uliosahaulika shambani, kofia mkononi, nikafikiri ni mtu wa kanisa anayetafuta michango. Mwendo ndio uliomfichua. Anainua mguu juu kidogo kama mtu anayevuka mfereji, hata pale pasipo na mfereji, na mwendo wa mtu hauzeeki. Nikasema moyoni, huyu ni Makokha wa wazungu. Nilikuwa na sufuria mkononi, naisugua kwa jivu. Nikaendelea kusugua.

"Mulembe, Mama Nekesa," akasema.

Watu hapa wananiita Mama Nekesa na wengi hawajui Nekesa ni nani. Nimezaa watoto wengine watano baada yake, wana majina yao na nyumba zao, lakini jina la mama ni la mtoto wa kwanza, halibadilishwi hata mtoto akienda. Wasichana wanaoniuzia vitunguu pale sokoni Shianda wananiita Kukhu, yaani bibi, wananiulizanga, "Nekesa wako anafanya kazi wapi, Kukhu?" Nawajibu yuko mbali. Si uongo. Yuko mbali, ingawa ni hapo tu nyuma ya migomba.

Basi nikampa Makokha kiti, nikamwambia akae, halafu nikatoka nje nikamwaga mahindi kidogo chini na nikamkamata kuku. Sijui kwa nini. Miaka yote hii nilikuwa nimejiambia kwamba mtu huyo akikanyaga hapa sitampa hata maji ya kunawa. Lakini mkono una akili yake. Mgeni amekaa, mkono unatafuta kuku, kama vile mguu unavyojua njia ya kisima gizani. Nilipokuwa nachemsha maji ya kunyonyolea ndipo ule mwaka wa njaa ulikuja wote, ukakaa nami hapo jikoni kama mtu.

Sitaeleza nilivyoolewa wala baba yangu alikuwa nani, hayo hayatasaidia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la tatu, nakaa na mama wa mume wangu, Kukhu Rebeka. Mume wangu alikuwa Nairobi akitafuta kazi, na aliitafuta kwa bidii ambayo haikuwahi kufika nyumbani. Mvua ya masika ilianza vizuri, ikatudanganya tukapanda, halafu ikaenda zake. Mahindi yakasimama kimo cha goti, yakageuka karatasi. Lakini miwa, wewe, miwa ilikuwa kijani. Miwa ina mizizi mirefu na haina haya. Sisi watu wa huku tulikuwa tumepanda miwa mpaka mlangoni, mtu akitoka nyumbani anagusa majani kwa bega, sehemu ya mahindi ikabaki kama mkeka. Na miwa yetu ilikuwa bado changa, haijafika kukatwa. Kwa hiyo mtu akipita barabarani anaona kijani kila upande, anasema hawa wamebarikiwa. Miwa haipikwi. Watoto waliitafuna kutwa, midomo yao ilikuwa mitamu na nzi wanawafuata, na matumbo yao yalijaa maji ya miwa yakasimama mbele kama ngoma. Mimi pia nilitafuna. Mpaka leo siwezi kuweka sukari kwenye chai.

Nekesa alikuwa na miaka miwili. Jina hilo ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa mavuno, na kweli alizaliwa magunia yakiwa yamepangwa mpaka kwenye dari. Mwaka ule akaugua surua, ikapita, lakini ilipopita ikamwacha kama nguo imeanikwa. Muuguzi wa zahanati alimfinya mguu, kidole kikabaki kimechorwa hapo, akaniambia, "Mama, huyu anataka yai. Kila siku ukiweza. Una kuku?" Nikasema tuna mmoja. Alikuwa wa Kukhu Rebeka, mweusi, shingo tupu, wengine wote tulikuwa tumeuza au tumekula. Yule kuku hakujua kama kuna njaa. Alikuwa anachakura kwenye shamba la miwa, anakula mchwa, na siku mbili kati ya tatu anataga nyuma ya mtungi. Akitaga anapiga kelele, unawajua, na Nekesa akisikia hiyo kelele, hata kama amelala, anafungua mdomo. Anafungua tu mdomo, macho yamefungwa, anangoja. Nilikuwa nachemsha lile yai, nalisaga kwa kijiko na chumvi kidogo, namlisha pale mlangoni kwenye jua. Wiki tatu za mayai, na mguu ukaanza kurudi. Nilifinya mwenyewe nikaona, kidole hakibaki sana.

Hapo ndipo liguru alikuja. Liguru ni mzee wa kijiji, yule anayebeba maneno ya chifu na kurudisha ya watu. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akasema kuna wazungu wako Kakamega mjini, wana mahindi, wanazunguka kuona ni wapi kuna njaa wapeleke lori. Watakuja kwetu Alhamisi. Na amechagua nyumba ya Kukhu Rebeka wakae hapo.

"Kwa nini kwangu?" Kukhu akamuuliza, lakini alikuwa ameshafurahi.

"Una mabati na sementi. Unataka niwapeleke kwa Andayi wakae kwa kinyesi cha mbuzi? Watasema watu wa Shianda ni wachafu."

Nimefikiria sana hilo neno. Watu walikuwa wanakuja kuona njaa, na sisi tukatafuta nyumba isiyo na njaa ya kuwaonyesha. Hakuna mtu aliyeona kuna shida hapo. Siku mbili kijiji chote kilifanya kazi. Viti vilitoka kanisani. Vikombe vya maua vikatoka kwa mke wa mwalimu, vitambaa vyeupe vya kusuka vikatoka nyumba tatu tofauti, vikawekwa juu ya kila kiti na juu ya meza na hata juu ya redio isiyo na betri. Mwanamke mmoja ambaye alikuwa anawalisha watoto wake ndizi mbichi zilizochemshwa bila chumvi alileta unga wa mahindi, bakuli moja, sijui alikuwa ameuficha wapi. Tukapaka ukuta udongo mweupe. Mimi nilifagia uwanja mpaka ukaonyesha mistari.

Jumatano jioni Kukhu akasema, "Kesho asubuhi utamkamata yule mweusi."

Nikamwambia, "Mama, yule ni wa mayai ya mtoto."

"Kwani sijui?"

"Muuguzi alisema kila siku."

"Na mgeni akule nini? Mate?" Akaacha kufunga kilemba, akaniangalia. "Sikiliza, mwana. Mtu ametoka ng'ambo ya maji anakuletea lori la chakula, akikaa kwa kiti chako unampa ndizi? Ataenda kusema nini kwao? Huyu kuku ataleta magunia. Magunia yakija utanunua kuku kumi, mtoto aoge kwa mayai."

Sikubishana tena. Watu wananiuliza, wale wachache niliowaambia, kwa nini hukubishana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na yule alikuwa mama wa mume wangu. Na, wacha niseme ukweli kwa vile nimeshazeeka, mimi pia niliona ni sawa. Nilimkamata mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na mayai yale madogo yasiyo na ganda, yamepangana kama shanga, makubwa mbele na madogo nyuma. Nilimpikia Nekesa yale matatu makubwa. Mengine nikatia kwenye mchuzi.

Mzungu alikuwa mmoja tu, mwanamke, shingo nyekundu, viatu vya kiume, sauti ndogo. Makokha ndiye alikuwa mkalimani, kijana wa kwetu huku huku, amesoma, suruali yake ina mstari mbele unaoweza kukata nyanya. Wakakaa. Tukawanawisha mikono. Nilipokuwa napakua obusuma, ugali wetu, na kuku, jikoni kulikuwa na vita juu ya imondo. Imondo ni firigisi, na kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba au mgeni mkubwa wa kiume, zamani mwanamke hata kuku wenyewe hakula.

"Tumpe Makokha," liguru akanong'ona.

"Makokha ni mtoto wa jana, nimemwosha kamasi," Kukhu akasema. "Ni ya mgeni."

"Mgeni ni mwanamke!"

"Huyo ana suruali. Huyo ni mzungu kwanza, mwanamke baadaye. Weka kwa sahani."

Wanawake wakacheka mpaka wakaziba midomo na leso. Ikawekwa juu ya sahani yake, juu kabisa, na mzungu akaila. Alifunga macho akatafuna, akasema kitu, Makokha akasema, "Anasema ni tamu sana." Watu wakapiga makofi. Siku ile ilikuwa ya furaha, lazima niseme. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu mvua ilipokwenda.

Halafu akatoa daftari. Akauliza, na Makokha akatafsiri, jana watu wa nyumba hii walikula nini. Kukhu Rebeka akasema, "Obusuma, na mrenda, na samaki kidogo." Jana tulikuwa tumekula viazi vitamu viwili watu watatu. Akamuuliza liguru, naye akasema nyama. Nyama! Akauliza wale wanawake mlangoni, kila mmoja akataja chakula kizuri kuliko cha mwenzake, mpaka mmoja akafika kwenye mchele. Na mimi akaniuliza. Nilikuwa nimembeba Nekesa mgongoni, amefunikwa leso nzuri ya kuazima, miguu haionekani. Nikasema, "Mtoto anakulanga mayai." Mzungu akatabasamu, akaandika.

Msidhani tulikuwa wajinga. Mgeni ana tonge mkononi, na wewe umwambie nyumba hii haina chakula? Ni kama unamhesabia matonge. Ni kama unamwambia tema hapa. Tulijua njaa itasemwa baadaye, pembeni, na mtu mmoja kwa mtu mmoja, liguru kwa Makokha, Makokha kwa mzungu, polepole, jinsi mambo ya aibu yanavyosemwanga. Hivyo ndivyo sisi tunaombana. Hata ukienda kuomba chumvi kwa jirani unaanza kwa habari za ng'ombe. Lakini mzungu alifunga daftari, akaangalia saa, akapiga picha ya watoto wakitafuna miwa, wakaenda. Makokha alikuwa anajua desturi zetu zote. Alituangalia wakati gari linageuka, na nilifikiri macho yake yanasema, nimeelewa, nitawaambia.

Tukangoja lori. Nekesa naye akangoja. Jirani mmoja wa mbali, upande wa pili wa mto, alikuwa na kuku, na kuku huyo akilia huko upepo ukileta hiyo sauti, Nekesa anafungua mdomo. Nilikuwa namtia uji wa ndizi. Anautoa kwa ulimi polepole, bila kulia.

Wiki ya nne nikamfunga mgongoni nikaenda Kakamega mjini kumtafuta Makokha. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Amalemba, katika zile nyumba za mstari. Kilikuwa chumba kimoja na pazia katikati, upande huu meza na stovu ya mafuta na kalenda yenye picha ya theluji, upande ule kitanda. Hakuwepo, jirani akanifungulia, akasema keti mama, anakuja. Nikaketi upande wa kitanda kwa sababu mtoto alikuwa anataka kulala. Juu ya meza niliona mkate na kopo la maziwa ya unga, na sikugusa. Naikumbuka harufu ya huo mkate kuliko uso wa mama yangu.

Makokha akaingia na mtu mwingine, dereva wa wale wazungu, nilimjua kwa sauti, siku ile alibaki nje akiwafokea watoto wasiguse gari. Hawakujua niko nyuma ya pazia. Walikuwa wanavua viatu.

"Sasa kule Shianda mlikosea nini?" dereva akauliza. "Lori limeenda upande ule mwingine."

"Njaa gani iko Shianda?" Makokha akacheka. "Yule mama mzungu alikula kuku mpaka akafungua mkanda. Wakampa mpaka imondo. Ameandika wako sawa. Ameandika wanawake wa huko wanakula kuku na watoto mayai, ni mfano kwa wengine."

"Hee! Si ungemwambia?"

"Mimi nililetwa kutafsiri. Sikuletwa kueleza."

Wakacheka wote wawili, si kicheko kibaya, kicheko cha watu waliochoka. Nekesa akakohoa. Pazia likafunguliwa. Makokha aliniona, akaona na mtoto. Halafu akakata mkate, kipande kikubwa, akakichovya kwenye maziwa, akapiga magoti mbele ya kitanda akamlisha Nekesa kwa mkono wake. Nekesa alikula. Njiani nikirudi akautapika wote mgongoni mwangu.

Alikufa siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, nikiwa nachota maji. Kukhu Rebeka alikuja kunikuta njiani, akanipokea mtungi kwanza, akauweka chini vizuri usimwagike, ndipo akaniambia. Hakuwahi kutaja yule kuku tena mpaka anakufa, na mimi sikuwahi kutaja.

Mahindi yalifika. Yalifika karibu na kura, lori mbili, na mheshimiwa amesimama juu ya magunia amevaa suti, magunia yana maandishi ya kizungu na yeye anasema amewaletea watu wake. Ukionyesha kadi ya chama unapewa. Nilikuwa nayo, nikapewa. Yalikuwa mahindi ya manjano, watu wakasema huko yanakotoka ni ya kulisha ng'ombe. Yakisagwa, obusuma yake inakuwa na rangi ya kiini cha yai. Nilipika, nikaona hiyo rangi kwenye sufuria, nikageuza mwiko. Nilikula nikashiba. Tukampigia mheshimiwa kura. Watu wanasubiri niseme nilikataa kula, au nilitupa. Sikuwa naona aibu wala hasira, nilikuwa sioni kitu, kama mtu aliyepigwa ganzi ya jino mwili mzima, na sina hakika kama ganzi hiyo imewahi kuisha. Siwezi kusema msaada ni mbaya, nimeula. Mtoto wangu wa pili alikuja duniani nikiwa nakula hayo mahindi, na alitoka mnene. Dawa za jirani yangu zilikuwa zinatoka kwa watu wa ng'ambo mpaka juzi tu, sasa wanamwambia rudi wiki ijayo, huko kwao wamebadilisha mawazo, na yeye anauliza amewakosea nini. Namwambia hujawakosea.

Basi kuku akaiva, nikaweka mezani. Makokha alinawa mikono, akaomba, lakini hakula. Akasema, "Mama Nekesa, nimepimwa, nina mwezi mmoja au miwili. Nimekuja na neno."

"Sema."

"Nilisikia kwa watu kwamba mtu akija hapa na karatasi na kalamu, humpi hata chai."

"Ni kweli."

"Kwa sababu ya yule kuku."

Nikafukuza nzi juu ya sahani.

"Nataka usife ukifikiri ni kuku," akasema. "Mahindi yalikuwa yameshagawanywa kabla hatujafika kwenu. Wakubwa wa ng'ambo walikuwa wanataka urafiki na wakubwa wetu, kwa mambo yao wanayojua wao, wakawapa mahindi, na mheshimiwa akawa ameshasema yaanzie wapi na yaishie wapi. Huku yaje wakati wa kura. Nilikuwa ofisini, niliiona orodha. Sisi tulitumwa kujaza fomu na kupiga picha. Yule mama hakujua, alifikiri kalamu yake ina nguvu. Hata kama mngelala chini wote mkalia, lori lingeenda kulekule. Kuku wenu hakufanya kitu. Hukukosea."

Alikuwa analia kidogo, machozi ya wazee, hayana sauti. Alifikiri amenitua mzigo. Mimi nilikuwa natazama mvuke ukitoka kwenye sahani. Maisha yangu yote nilijua ni kuku. Nilimjua, nilimshika kwa mkono huu, lilikuwa kosa langu na nilikuwa nimelizoea, lina mahali pake ndani kama kinu jikoni. Sasa ananiambia hata si kuku. Nikafikiria siku mbili kati ya tatu, nyuma ya mtungi. Nikahesabu wiki za kungoja lori, kisha zile siku tisa, mayai mangapi.

"Basi tungemwacha atage," nikasema.

Makokha akainamisha kichwa. Nje majirani walikuwa wanapita na miwa. Nilichukua imondo kwa vidole nikaiweka juu ya obusuma yake, upande wake, nikaisukuma sahani mpaka ikagusa mkono wake.

"Kula, Makokha," nikamwambia. "Huyu naye tusiwe tumemchinja bure."